Tasnifu iliyotaka kumvua Beowulf Ukristo: uchambuzi wa kisa kimoja

Kisa hiki kilitokea katika idara ya fasihi ya chuo kikuu kimoja nchini Uingereza. Jina la chuo, mwaka na nchi aliyotoka mwanafunzi vimeondolewa. Mwanafunzi nitamwita M., na kwa kuwa Kiswahili hakinilazimishi kusema kama ni mke au mume, hilo nalo litabaki hivyo. Mimi nilikuwa msomaji wa pili wa tasnifu, yaani yule anayepelekewa sura msimamizi akishazipitia. M. ameridhia kisa kiandikwe kwa ajili ya wanaofundisha au kusoma ushairi wa kale, maana njia aliyopita ilishapitwa na wasomi wakubwa kuliko sisi sote.

## Usuli

M. alikuja na shahada ya kwanza ya historia, na mapenzi yake yalikuwa akiolojia. Alikuwa amekaa sana British Museum mbele ya vitu vilivyofukuliwa Sutton Hoo, Suffolk, mwaka 1939: kofia ya vita, upanga, vito vya dhahabu, vyote kutoka kaburi la mwanzoni mwa karne ya 7 lililochimbwa ndani ya merikebu yenye urefu wa takriban mita 27. Ukishaliona kaburi lile, kisha ukafungua Beowulf, shairi refu la Kiingereza cha Kale kuhusu shujaa wa jina hilo anayepambana na mazimwi na, uzeeni, na joka, na kukuta mfalme Scyld amelazwa merikebuni katikati ya hazina na kusukumwa baharini, huku mshairi akisema hakuna ajuaye nani aliupokea mzigo ule, ni rahisi kuamini kwamba umeushika upagani wenyewe kwa mkono.

Pendekezo la tasnifu lilikuwa jepesi kulieleza. Beowulf, kwa maoni ya M., ulikuwa wimbo wa kipagani ulioingia mikononi mwa mtawa, na mtawa akapachika Mungu hapa na pale ili wimbo uruhusiwe kuingia maktaba ya monasteri. Kazi ya mtafiti ingekuwa kuyaondoa mapachiko hayo ili wimbo wa awali uonekane. Wazo hili lina ukoo. Wasomi wengi wa karne ya 19 waliutafuta upagani wa Kijerumani ndani ya shairi hili, na mwaka 1897 F. A. Blackburn alitetea waziwazi kwamba rangi ya Kikristo ilipakwa baadaye juu ya shairi lisilokuwa nayo.

Mambo machache kuhusu matini, kwa asiyeijua. Shairi lina mishororo 3,182 na limetufikia katika mswada mmoja tu, ulioandikwa karibu na mwaka 1000 na wanakili wawili. Wa pili anashika kalamu katika mshororo wa 1939. Moto wa mwaka 1731 uliunguza kingo za kurasa zake. Matukio yenyewe yamewekwa Denmaki na kusini mwa Uswidi. Hygelac, mjomba wa Beowulf, aliuawa katika uvamizi ambao Gregori wa Tours, askofu na mwanahistoria wa Wafaranki, anauandika kama tukio la kweli la mwanzoni mwa karne ya 6. Ujumbe wa Papa Gregori Mkuu, ukiongozwa na Augustino, ulifika Kent mwaka 597. Kwa hiyo kila mtu aliye ndani ya hadithi ni mpagani, na aliyeuandika mswada ni Mkristo ambaye taifa lake lilikuwa limebatizwa kwa karne kadhaa.

Kuna jambo moja pendekezo halikulitaja. Katika kaburi lile lile la Sutton Hoo mlikuwa na vijiko viwili vya fedha vyenye maandishi ya Kigiriki: kimoja kina jina la Paulos, na kingine wengi wanalisoma Saulos. Kaburi hilo mara nyingi linahusishwa na mfalme Rædwald wa East Anglia, ambaye mtawa na mwanahistoria Bede, akiandika mwaka 731, anasema alikuwa na hekalu moja lenye madhabahu mbili, moja ya Kristo na nyingine ya kutambikia mashetani. M. aliitumia Sutton Hoo kama ushahidi wa upagani safi, na hakuna kati yetu aliyemuuliza mapema kuhusu vijiko.

## Mtiririko wa mambo

M. alichapisha shairi zima kwenye karatasi, akachukua kalamu mbili. Nyekundu ilikuwa ya Ukristo na ya buluu ya upagani. Wekundu ulienda kwenye wimbo wa uumbaji unaoimbwa Heorot, ukumbi wa mfalme wa Wadeni, kwenye maelezo kwamba Grendel, zimwi linaloushambulia ukumbi huo, ni wa uzao wa Kaini, kwenye Gharika iliyochorwa juu ya mpini wa upanga, na kwenye hotuba ndefu ya mfalme Hrothgar dhidi ya kiburi. Buluu ilipewa mazishi ya Scyld, moto wa kuchomea maiti ya Beowulf, dhahabu inayofukiwa ardhini, majaliwa, na kisasi. Kazi ilifanywa kwa uangalifu mkubwa na nitaisifia hilo hadi mwisho, kwa sababu bila kurasa zile za rangi tusingekuwa na kitu cha kujadili.

Tatizo la kwanza lilitokea katika mshororo wa 1056. Baada ya usiku wa mapambano, msimulizi anasema Grendel angeua wengine zaidi kama Mungu mwenye hekima asingeizuia ajali hiyo, yaani majaliwa, pamoja na ujasiri wa mtu yule. Mungu, ajali na moyo wa shujaa wamo katika sentensi moja. M. alipaka nusu nyekundu na nusu buluu, akaendelea. Lakini ushairi wa Kiingereza cha Kale hauungwi na vina vya mwisho kama tenzi zetu. Kila mshororo una vipande viwili, na vipande hivyo hushikwa pamoja na takriri ya sauti ya kwanza ya maneno yenye mkazo. Mshororo huo ni huu: *nefne him witig God / wyrd forstode*. Sauti inayovishika vipande ni *w*: *witig*, mwenye hekima, sifa ya Mungu, na *wyrd*, ajali. Ukimfuta Mungu mwenye hekima, ajali inabaki peke yake bila mwenza na mshororo unaanguka. Mtawa mpachikaji angelazimika kuutunga mshororo wote upya, na wa jirani, na kadhalika. Ukichomoa chane nyekundu kwenye ukili, hubaki na ukili wa chane nyeupe. Unabaki na chane mkononi.

La pili lilitoka katika wekundu wenyewe. M. alipohesabu alichokipaka, aligundua kwamba Kristo hatajwi popote. Wala msalaba, wala Mariamu, wala mtume yeyote, wala kanisa. Majina ya Biblia ni Kaini na Habili, basi. M. alijaribu kuliokoa wazo lake kwa kusema mtawa alifanya kazi kwa haraka. Msimamizi aliandika pembeni kwamba mtu mwenye haraka hatungi mahubiri ya mishororo zaidi ya 80, na hotuba ya Hrothgar, kuanzia mshororo wa 1700 hadi 1784, ina urefu huo.

La tatu lilikuwa upande wa pili. Katika buluu yote hakuna mungu hata mmoja wa kipagani mwenye jina. Woden, ambaye wafalme wa Kianglo-Saksoni waliendelea kumweka kwenye nasaba zao hata baada ya ubatizo, hayumo. Katika ushairi wote wa Kiingereza cha Kale anatajwa wazi mara mbili: katika uganga wa mitishamba tisa, anapompiga nyoka, na katika shairi la methali lisemalo Woden alitengeneza sanamu, Mwenyezi alizifanya mbingu pana. Kwa hiyo M. alikuwa na wimbo wa kipagani usio na miungu, uliotiwa Ukristo usio na Kristo.

Hapo ndipo rasimu ya sura ya pili iliponifikia.

## Maamuzi, na kwa nini

Tulikuwa na njia tatu: kumwacha M. aandike alichopendekeza na kukitetea mbele ya mtahini, kumwambia abadilishe mada, au kubakiza data na kubadilisha swali. Msimamizi aliielekea ya pili, kwa hofu ya muda. Mimi nilishikilia ya tatu. Kurasa za rangi zilikuwa zimeshaonyesha kwamba swali la kwanza halijibiki, na hayo tayari ni matokeo ya utafiti. Nilimrudishia M. rasimu na maelekezo mafupi: apite tena kila mshororo mwekundu, na kando ya kila mmoja aandike ni nani anayesema.

M. hakufurahi, na aliliona swali kama la darasa la chini. Lakini alilifanya, na jibu likageuza tasnifu. Aliyemjua Kaini ni msimulizi peke yake. Ndani ya hadithi hakuna mhusika anayetamka jina hata moja la Biblia. Beowulf, Hrothgar na malkia wake Wealhtheow humtaja Mungu, Mtawala, Mpimaji wa majaliwa. Husema kwa namna ambayo mpagani mwema, kwa fikra za Mkristo wa zama hizo, angeweza kusema. Mfano bora ni ule mpini. Msimulizi anatuambia umechorwa Gharika iliyoangamiza majitu. Hrothgar anautazama mpini huo huo, kisha anahutubu juu ya kiburi na umauti, wala haitaji Gharika. Sisi wasikilizaji tunaijua habari ambayo mzee aliyeushika upanga hana njia ya kuijua. Mshairi ameijenga tofauti hiyo kwa makusudi, na mtawa wa kupachikapachika hawezi kuitunza tofauti ya namna hiyo kwa mishororo elfu tatu.

Uamuzi mwingine ulikuwa kuongeza shairi la vita vya Maldon. Sababu ni ya kiutendaji: Beowulf hauna tarehe inayokubaliwa na wote, ilhali vita vya Maldon, Essex, vilipiganwa mwaka 991. Mswada wake uliteketea katika moto ule ule wa 1731, na mishororo 325 iliyobaki tunaijua kwa sababu ilikuwa imenakiliwa kabla. Hapa hakuna wa kubishana naye kuhusu mtawa. Byrhtnoth, kiongozi wa jeshi la Essex, ni Mkristo, na Waviking wanaitwa wapagani. Lakini akimuua adui, Byrhtnoth anacheka na kumshukuru Muumba kwa kazi ya siku ile. Akijeruhiwa, anaomba roho yake isafiri kwa amani kwa Bwana wa malaika na mashetani wasiidhuru. Akishaanguka, wafuasi wake wanaapa kulipa kisasi au kulala kando ya bwana wao, na hakuna anayesema kwamba kisasi ni mali ya Bwana. M. alipoipaka Maldon kwa kalamu zake, ilitoka zambarau.

Kulikuwa pia na uamuzi wa kukataa. Mwenzake mmoja darasani, anayesoma tenzi za pwani yetu, alimshauri M. alinganishe na Fumo Liyongo: shujaa wa masimulizi ya kale, aliyetungiwa utenzi na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, wenye sauti ya Kiislamu kuanzia mwanzo. Ulinganisho una mantiki, na msomaji wa Kiswahili atauona mara moja, kwa sababu hakuna mtu Lamu anayekaa kutenga beti za Liyongo wa kabla ya Uislamu na beti za mtunzi. Msimamizi aliukataa kwa kuwa ungehitaji tasnifu yake peke yake. Nilikubaliana naye shingo upande.

Na barua ya Alcuin. Mwaka 797 Alcuin, msomi wa Kanisa, alimwandikia askofu mmoja wa Uingereza akilalamika kwamba mezani pa makasisi panapaswa kusikika msomaji wala si mpiga kinubi, mahubiri ya mababa wa Kanisa wala si nyimbo za wapagani, kisha akauliza: Ingeld ana nini na Kristo? Nyumba ni nyembamba, haiwezi kuwaweka wote wawili. Ingeld huyo, shujaa wa hekaya za kipagani, yumo ndani ya Beowulf. M. alikuwa ameiweka barua katika sura ya kwanza kuthibitisha kwamba Kanisa lilizichukia nyimbo hizi. Tulimwomba aihamishe na kuisoma upande wa pili: hakuna anayekemea jambo lisilotendeka. Barua inatuambia kwamba miaka 200 baada ya Augustino, makasisi walikuwa wanakula huku wakiimbiwa habari za Ingeld, na kwamba walau askofu mmoja hakuona ubaya wake.

## Matokeo

Tasnifu ilipita kwa alama nzuri, ingawa si za juu kabisa. Sura iliyosifiwa ni ya tatu, ambayo haikuwamo kabisa katika pendekezo. Ndani yake M. aliacha kuuliza upagani uliingiaje katika shairi la Kikristo, akafuata mwendo wa kinyume: ushujaa wa kale ulivyoingia katika imani. Shairi la ndoto ya msalaba, lililohifadhiwa katika kitabu cha mwishoni mwa karne ya 10 kilichoko Vercelli, Italia, na ambalo sehemu yake imechongwa kwa herufi za runi kwenye msalaba wa mawe wa Ruthwell, Scotland, wa karne ya 8, linamwonyesha Kristo kama shujaa kijana anayevua nguo mwenyewe na kuupanda mti kwa ujasiri mbele ya macho ya wengi. Msalaba ndio unaosimulia. Unazungumza kama mfuasi wa bwana wa vita, na aibu yake ni kubwa kuliko ya mfuasi yeyote wa Maldon: ungeweza kuwaangusha maadui wote, lakini umeamriwa usimame wima, na hivyo wenyewe unakuwa chombo cha kumuua bwana wake. M. aliandika kurasa nzuri sana hapo, kwa sababu alikuwa anaijua Maldon na alielewa ni kiasi gani amri hiyo ingemuuma mwanajeshi wa Byrhtnoth.

Sura ya nne ndiyo iliyomgharimu. Akiwa ameshaacha upagani safi, M. alikimbilia ukuta wa pili na kumfanya Beowulf mfano wa Kristo. Ushahidi wake ulikuwa msafara wa kwenda kwa joka: Beowulf na wenzake ni 12, na mwizi anayewaongoza ni wa 13, kisha wote wanakimbia isipokuwa Wiglaf, jamaa yake kijana. Hesabu ni sahihi, shairi lenyewe linaitaja. Lakini mtahini aliuliza swali ambalo M. hakuwa na jibu lake: huyu anayekufa akiomba aonyeshwe dhahabu, anayechomwa moto hadi mbingu zikameza moshi, ambaye hazina aliyoifia inafukiwa tena ardhini ikiwa haina faida kwa watu kama ilivyokuwa mwanzo, amemwokoa nani? Wageati, watu wake Beowulf, wanalia kwa sababu wanajua vita vinakuja.

## Uchambuzi

Swali la nani anasema lilifaulu kwa sababu halihitaji nadharia. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kulifanyia kazi, na linaonyesha kitu ambacho kalamu za rangi zinakificha, yaani umbali kati ya mshairi na watu anaowasimulia. Hotuba ya J. R. R. Tolkien, msomi wa Kiingereza cha Kale, ya mwaka 1936 iliupa umbali huo uzito wake: mshairi Mkristo anayetazama nyuma kwa heshima na huzuni kwa mababu waliopigana bila tumaini. M. alikuwa amesoma hotuba hiyo mwanzoni na kuinukuu. Haikumfaa kitu mpaka alipokuwa na kurasa zake mwenyewe zilizokataa kugawanyika.

Kanuni za mshororo zilifaulu pia, na nadhani hazitumiki vya kutosha. Wanafunzi hujadili imani kana kwamba shairi ni orodha ya kauli za kidini. Mshororo wa 1056 unamwonyesha mtunzi akimfunga Mungu na ajali kwa sauti moja, kwa ustadi wa fundi aliyerithi ufundi huo kutoka kwa waimbaji ambao hawakuwa Wakristo. Mchanganyiko uliingia tangu kwenye utungaji wenyewe. Hali hiyo hiyo iko kwenye kisanduku cha mfupa wa nyangumi cha mwanzoni mwa karne ya 8, kiitwacho Franks Casket, ambacho upande wake wa mbele una Weland, mhunzi wa hekaya, akiwa na mwili usio na kichwa wa mtu aliyemuua miguuni, na bega kwa bega naye Mamajusi wanamletea Mtoto zawadi. Aliyekichonga hakuweka ukuta wa maelezo kati yao.

Kilichoshindwa zaidi ni dhana ya dini iliyokuwa chini ya pendekezo. M. alidhani upagani ni kila kitu ambacho hakimo katika katekisimu: kisasi, sifa, dhahabu, majaliwa. Mengi ya hayo yalikuwa maadili ya tabaka la wapiganaji, na tabaka hilo lilibatizwa pamoja na maadili yake. Bede anasimulia baraza la mfalme Edwin wa Northumbria, ambaye alibatizwa mwaka 627: anauliza wakuu wake kwanza, na mmoja anayafananisha maisha ya mtu na shomoro anayepita ukumbini kutoka gizani kwenda gizani. Ukumbi huo ni ule ule wa Heorot, wenye moto katikati na bwana mezani. Mwaka 601 Papa Gregori aliagiza mahekalu ya Waingereza yasibomolewe bali yatakaswe na kutumiwa. Watu waliofundishwa hivyo wasingeweza kuacha kupenda sifa. Wangeipeleka mahali pengine. Shairi la Baharia, lililomo katika kitabu cha Exeter, linafanya hivyo hasa: mtu atende ushujaa dhidi ya shetani ili wana wa watu wamsifu baadaye, na sifa yake iishi kati ya malaika. Kisha linaonya kwamba dhahabu anayomwagiwa marehemu na ndugu yake kaburini haitaisaidia roho yenye dhambi. Merikebu ya Sutton Hoo ingeweza kujibiwa na mishororo hiyo, na M. aliyaweka mawili hayo ukurasa mmoja, jambo ninaloliona kuwa bora kuliko sura yake ya nne nzima.

Upande wa usimamizi, kasoro ni kwamba pendekezo lilipitishwa bila kudai ushahidi unaolipinga. Vijiko vya Sutton Hoo vingefanya kazi hiyo siku ya kwanza.

Limebaki jambo moja ambalo kisa hakikulimaliza. Katika mishororo ya 175 hadi 188, Wadeni waliokata tamaa wanakwenda kwenye mahekalu ya sanamu, wanatoa matambiko na kumwomba muuaji wa roho awasaidie. Msimulizi anasema hiyo ndiyo ilikuwa desturi yao, tumaini la wapagani, na kwamba hawakumjua Bwana Mungu. Muda si mrefu Hrothgar, mfalme wa watu hao hao, anamshukuru Mwenyezi kwa kushindwa kwa Grendel. Tolkien alidhani sehemu ya kifungu hicho iliongezwa baadaye, na msimamizi wa M. anakubaliana naye, kwa kuwa hakiendani na Hrothgar tunayemjua. Mimi nadhani kimo mahali pake. Mshairi aliyewapenda watu hawa kiasi kile alihitaji kusema mara moja, wazi, walikuwa nini, na akalisema mapema, kabla Hrothgar hajaanza kuhutubu kwa hekima ya kutufanya tusahau. M. aliziweka hoja zote mbili katika tanbihi ndefu na hakuchagua, na mtahini alimwachia.